Leaf ya 2018, nyumba ya kupanga na safari ya Nyeri: je, ninunue?

Swali: "Injinia, mimi ni mwalimu wa shule ya upili na ninaishi nyumba ya kupanga Ruaka, ghorofa ya tatu. Kila siku ya kazi ninaendesha kilomita 40 hivi kwenda Upper Hill na kurudi, na mara moja kwa mwezi ninakwenda Nyeri kumwona mama. Bei ya petroli imenichosha. Yadi moja imenionyesha gari la umeme, Nissan Leaf ya 2018 yenye betri ya kilowati-saa 40, na muuzaji anasema betri ni kama mpya kwa sababu vijiti vyote 12 vinaonekana kwenye dashibodi. Pesa nilizo nazo ni akiba ya miaka sita. Ninunue, au ningoje?"

Mwalimu, asante kwa kueleza mambo yako kwa ukamilifu, maana wengi huniuliza tu kama gari la umeme ni zuri, na swali la namna hiyo halina jibu. Kwa mwendo wako wa kila siku gari hili linakufaa sana, lakini usitoe hata shilingi ya kushikia kabla hujapata mambo mawili: kipimo cha betri ulichokishuhudia mwenyewe, na idhini ya mwenye nyumba, iliyoandikwa na kutiwa sahihi, ya kuwa na soketi yako pale gari linapolala. Ukikosa moja kati ya hayo, ngoja.

Nianze na vijiti 12, kwa kuwa hapo ndipo akiba ya watu inapopotelea. Vijiti hivyo, vile vyembamba vilivyo pembeni mwa kipimo cha chaji, vinaonyesha uwezo uliobaki wa betri kushika umeme ukilinganishwa na siku ilipotoka kiwandani. Havilingani. Cha kwanza hakipotei mpaka betri iwe imepungukiwa na takriban asilimia 15, na baada ya hapo kila kimoja hupotea kwa takriban asilimia 6. Kwa hiyo hata muuzaji akiwa mkweli kabisa, vijiti 12 vinaweza kumaanisha betri yenye asilimia 99 ya uwezo wake au yenye asilimia 86, na tofauti ya magari hayo mawili ni kilomita nyingi barabarani.

Tena si kila muuzaji ni mkweli. Kompyuta inayosimamia betri inaweza kufutwa kumbukumbu, na ikifutwa huanza kuamini kwamba betri ni mpya. Jamaa yangu mmoja alinunua Leaf ya kizazi cha kwanza yenye vijiti 12, akaniletea nyumbani kwa furaha, nami siku hiyo sikuwa na kifaa changu cha kupimia. Wiki ya kwanza kijiti kimoja kilipotea, na wiki ya tatu vilikuwa vimebaki tisa. Siku aliyonipigia simu alikuwa amesimama kando ya barabara ya Ngong na watoto wawili kwenye kiti cha nyuma. Chaji ilikuwa imeonyesha asilimia 22 alipopita Karen, ikashuka hadi 14 katika kilomita moja, kisha gari likapunguza nguvu lenyewe. Nilikwenda kulivuta, na njia nzima hakuna aliyezungumza. Tangu siku ile sipokei neno la dashibodi peke yake, na sipendi mtu mwingine alipokee.

Ili upime kwa haki, inafaa ujue kwa nini betri ya Leaf inahitaji macho zaidi kuliko za magari mengine mengi ya umeme. Nissan ilianza kuuza Leaf Desemba 2010 ikiwa na betri ya kilowati-saa 24, ikafuata ya 30, kisha kizazi cha pili kilichotoka Japani mwaka 2017 kikaja na 40, na mwaka 2019 ikaongezwa ya 62. Kilowati-saa moja ndiyo ile yuniti moja ya tokeni unayoinunua kila mwezi, kwa hiyo betri unayoonyeshwa ni tangi la yuniti 40. Betri zote hizo hazina maji ya kuzipooza. Hutegemea hewa inayopita nje ya sanduku lake. Joto na kukaa muda mrefu chaji ikiwa imejaa ndivyo vinavyoichakaza betri ya lithiamu upesi, na ndiyo sababu wenye Leaf za mwanzo huko Phoenix, jangwani Marekani, walianza kulalamika mapema, mwaka 2012, kwamba vijiti vinapotea. Nairobi tuna bahati ya mwinuko: tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na mchana wetu wa kawaida hauzidi nyuzi 28 sana. Gari lililolelewa vizuri hapa huzeeka polepole. Lililopitia miaka mingi Mombasa, au lililokuwa la biashara na kuchajiwa kwa chaja ya kasi mara mbili tatu kwa siku, ni jambo jingine. Uliza historia yake, na uombe karatasi ya mnada ya Japani, maana mara nyingi huko huandikwa idadi ya vijiti siku gari lilipouzwa. Kama liliuzwa likiwa na vijiti 11 na leo lina 12, unajua kilichofanyika.

Sasa kipimo chenyewe. Njia ya haraka ni programu ya simu iitwayo Leaf Spy, inayowasiliana na gari kupitia kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye tundu la uchunguzi chini ya usukani. Itakupa afya ya betri kwa asilimia, na itakuchorea nguzo 96, kila moja ikiwa ni volti ya jozi ya seli zilizofungwa pamoja. Nguzo hizo zitazame kwa makini kuliko ile asilimia. Betri nzuri huonyesha nguzo zilizosimama sawasawa kama ua uliokatwa kwa makasi. Yenye ugonjwa huonyesha nguzo moja au mbili zilizozama kuliko wenzake, na hujitokeza zaidi chaji ikiwa chini na gari likikanyagwa mafuta kupanda mlima. Seli moja dhaifu inatosha kulisimamisha gari zima, kwa sababu zote zimefuatana katika mnyororo mmoja.

Hata hivyo ile asilimia hutoka kwenye kompyuta ileile inayoweza kufutwa, kwa hiyo ninakuomba ufanye kipimo cha pili, kile ninachokiamini zaidi. Mwambie muuzaji alishushe gari hadi asilimia 10 hivi, huku wewe ukiwa ndani. Kama kompyuta imedanganywa, uongo hujitokeza huku chini: asilimia zitaanza kuporomoka haraka kuliko kilomita mnazokwenda. Kisha lichajiwe usiku kucha, na mchana wa kesho yake ikibidi, hadi lijae kupitia mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi inayohesabu yuniti, au penye mita ya tokeni ambayo hakuna kingine kinachotumia umeme wake muda huo wote. Andika yuniti za mwanzo na za mwisho. Betri ya 40 ikiwa mpya itakula yuniti 38 hadi 40 kutoka ukutani, ukihesabu na umeme unaopotea njiani kama joto. Yenye afya ya asilimia 80 itakula 31 hivi. Yenye asilimia 70 itajaa kwa 27 tu. Mita ya ukutani haijui gari lilifutwa kumbukumbu lini, nayo haina la kuficha. Muuzaji akikataa kipimo hiki kwa kisingizio chochote, hata akikupunguzia bei, mshukuru na uondoke.

Nije kwenye soketi, ambayo kwa mpangaji wa Nairobi ndiyo nusu ya pili ya gari. Kilomita 40 zitakula yuniti 7 hivi kwa siku. Ukichaji kwa soketi ya kawaida kwa ampea 10 unapata karibu kilowati 2.3, maana yake saa tatu na nusu zinakutosha, na usiku wote uliobaki gari linapumzika. Usiogope ukubwa wa mzigo huo: shawa ya umeme iliyo bafuni mwako huvuta zaidi ya mara mbili yake. Tofauti ni kwamba shawa unaizima baada ya dakika kumi, na gari linavuta kwa saa nyingi bila kupumua. Hapo ndipo waya mwembamba na soketi ya bei rahisi huumbuka. Nimewahi kuchomoa plagi ya gari nyumbani kwa mteja huko Kahawa nikakuta tundu moja la soketi limezungukwa na pete ya rangi ya kahawia na plastiki imelegea kama nta. Nyuma yake waya ulikuwa wa milimita 1.5, ambao ni wa taa. Mwingine alikuwa ametumia ekstensheni akaiacha imeviringwa kwenye bobini yake, na mizunguko ya ndani ilikuwa imeshikana ikawa kitu kimoja. Hakuna nyumba iliyoungua, lakini sitaki mtu alale ghorofani na watoto juu ya kitu cha namna hiyo.

Kwa hiyo fanya hivi. Katika ploti nyingi za Ruaka mita za wapangaji hupangwa pamoja chini, ukutani karibu na ngazi. Kama ndivyo ilivyo kwako, waya hauhitaji kushuka kutoka ghorofa ya tatu. Unatoka kwenye mita yako na kwenda moja kwa moja hadi egesho lako. Mwite fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na mafuta, avute waya wake pekee wa milimita 6 ndani ya bomba, wenye sakiti breka yake na kifaa cha kukata umeme unapovuja, pamoja na soketi ya nje yenye kifuniko kinachozuia mvua. Wenye nyumba wengi hukataa kwa kuhofia kwamba umeme wa gari utalipwa kutoka mita ya taa za ngazi. Ukimwonyesha kwamba unatoka kwenye tokeni zako mwenyewe, na kwamba ukihama unamwachia soketi, mazungumzo hubadilika. Maneno ya msimamizi wa ploti hayatoshi, msimamizi hubadilishwa. Uwe na barua ya mwenye nyumba.

Waya wa kuchajia unaokuja na gari kutoka Japani ulitengenezwa kwa volti 200 za huko, na plagi yake haiingii kwenye soketi zetu za volti 240. Usikubali fundi wa barabarani akate ile plagi na kuunga nyingine. Nunua waya uliotengenezwa kwa volti 230 hadi 240, wenye kichwa cha Aina ya 1, ndicho kinachoingia kwenye Leaf ya Japani. Vituo vingi vya umma vyenye umeme wa kawaida hutumia Aina ya 2, kwa hiyo utahitaji na adapta. Tundu la pili la gari lako, lile kubwa, ni la CHAdeMO kwa chaja ya kasi, na magari mapya yanayoingia nchini mengi yametumia mfumo mwingine. Kwa sababu hiyo, kabla hujategemea kituo chochote barabarani, piga simu uulize kama kichwa cha CHAdeMO kipo na kinafanya kazi siku hiyo.

Kuhusu gharama, tuchukue mfano. Kilomita zako pamoja na Nyeri na shughuli za mji ni kama 1,300 kwa mwezi. Gari dogo la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita litakunywa lita 108. Lita ikiwa shilingi 180, hizo ni shilingi 19,500 hivi. Leaf itahitaji yuniti 250 kutoka ukutani, na yuniti ikiwa shilingi 30 pamoja na kodi zake, ni shilingi 7,500. Weka bei za mwezi wako, maana EPRA hutangaza bei ya mafuta tarehe 14 ya kila mwezi na bei ya umeme nayo hupanda na kushuka. Lakini kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji: Kenya Power huwagawa wateja wa nyumbani kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu, na anayevuka yuniti 100 kwa mwezi hutozwa kiwango cha juu kwa yuniti zake zote. Kama leo unatumia yuniti 60 kwa friji, taa na pasi, gari litakuvusha, na hata zile 60 za zamani zitapanda bei. Bado unaokoa sana, ila usishangae tokeni zinapopungua kwa pesa ileile. Ile bei maalumu ya shilingi 16 kwa yuniti, na nusu yake usiku, iliyoanzishwa mwaka 2023 kwa ajili ya vyombo vya umeme, ilikusudiwa mita zilizotengewa kuchaji. Mita yako ya nyumbani haimo.

Nyeri ndipo penye kutaka hesabu ya utulivu. Ni kilomita 150 hivi kupitia Kenol, Sagana na Karatina. Betri yenye afya ya asilimia 80 ina yuniti 30 hivi za kutumika. Ukienda kwa kilomita 80 kwa saa unapata kilomita 6 kwa yuniti, yaani 180 mpaka iishe kabisa, na si busara kuifikisha huko. Kumbuka pia kwamba barabara inashuka hadi Sagana, karibu mita 1,200, kisha inapanda. Kila mita 500 za kupanda hula yuniti 3 hivi, na ukiwa unarudi mlima huo unakungoja upande wa Nairobi. Utafika Nyeri, lakini kwa akiba ndogo, na kwa kasi ya 110 hutafika. Ninakushauri uondoke na chaji kamili asubuhi, uende polepole, na uchaji kwa mama usiku kucha: saa 12 kwenye soketi nzuri zitakurudishia karibu yuniti 25, kwa hiyo panga kulala na kuondoka baada ya chakula cha mchana. Mpelekee fundi aikague soketi hiyo kabla ya safari ya kwanza, na umlipe mama tokeni zake. Kama safari zako za Nyeri ni za dharura, za kwenda na kurudi siku moja kwa sababu ya afya ya mama, basi ninasema wazi kwamba betri ya 40 iliyotumika haikufai kwa kazi hiyo. Tafuta ya 62 au ubaki na gari la mafuta kwa sasa.

Matunzo ni mepesi. Hakuna oili ya injini, plagi wala ekzosi. Breki hudumu kwa sababu unapoachia mafuta mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri, jambo utakalolifurahia kwenye msongamano wa Limuru Road. Kinachochoka Nairobi ni bushi na tairi, kwa kuwa gari ni zito, karibu kilo 1,500, na liko chini. Matuta ya mitaani yachukue kwa mshazari na polepole. Betri ndogo ya volti 12 iliyo chini ya boneti ni ya kawaida, na ikifa gari zima haliwaki hata kama betri kubwa imejaa, kwa hiyo ibadilishe mapema. Nyaya za rangi ya chungwa zina volti karibu 400 na zinaua. Fundi asiyesomea asizifungue. Kwenye barabara iliyofurika, kama zile za Aprili 2024, usijaribu kuvuka ati kwa sababu gari halina injini ya kumeza maji. Muulize wakala wako wa bima kwa maandishi kama betri na mafuriko vimo kwenye bima kubwa.

Betri itunze kati ya asilimia 20 na 80 siku za kazi, na uijaze kabisa usiku wa kuamkia safari tu. Leaf ya kizazi cha pili haina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye 80, kwa hiyo tumia saa ya kuchajia iliyo ndani ya gari na uipange izime alfajiri. Menyu zake huenda zikawa kwa Kijapani. Mwombe muuzaji akuonyeshe sehemu hiyo ya saa mkiwa pamoja, upige picha kila hatua.

Anza na mwenye nyumba wiki hii, kwa kuwa hilo halikugharimu chochote. Akikubali na kuandika, rudi yadi Ijumaa jioni na mita yako ndogo, ulale na gari likichaji, na Jumamosi mchana, likishajaa, usome yuniti. Zikiwa 33 au zaidi, na nguzo 96 zimesimama sawasawa, nambari ya chesi ikilingana na ya kitabu cha gari, lipa. Zikiwa kati ya 30 na 33, mwonyeshe muuzaji daftari lako na umwambie kwamba hiyo si betri ya kama mpya aliyokutangazia, kisha bei ianze upya kutoka hapo. Zikiwa chini ya 30, akiba yako irudi nayo nyumbani. Leaf nyingine zipo, na mimi niko tayari kuja na kifaa changu kukupimia inayofuata.